Aliyeshika Mlingoti

Mumbua mwanangu,

Sanduku lako liko mlangoni limefungwa, na wewe unakoroma kule ndani kana kwamba kesho ni siku kama nyingine. Mimi nimekaa na taa na kalamu ya shule ya mdogo wako, na nimeshainuka mara nne. Mara ya kwanza nilienda kuangalia kuku. Kuku wamelala, wana shida gani kuku? Mara ya pili nikaenda kupapasa kamba ya sanduku lako, nikarudi. Usiucheke mwandiko huu.

Sitakuandikia habari za blanketi wala soksi wala tembe za malaria. Shangazi zako walikumwagia hayo yote jana mpaka nikakuhurumia. Nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka kumi. Ukiondoka kesho saa kumi na mbili bila kulijua, utakuwa umeondoka na uongo wangu, na huko chuo cha polisi utauvaa pamoja na magwanda ya serikali. Kwa hiyo barua hii nitakupa mkononi pale steji, na uisome kabla hujapanda basi.

Utashangaa kwa nini nakuandikia Kiswahili, mimi ambaye tangu nikuzae naongea nawe Kikamba. Nina sababu. Kwa Kikamba mimi ni mwepesi mno. Naweza kugeuza jambo mdomoni kabla halijatoka, na mtu asijue. Kwa Kiswahili lazima niende polepole.

Tuanzie jana, kwenye maombi yako ya kuagwa. Watu wamejaa mpaka kwenye zizi la mbuzi, sufuria za muthokoi zimeiva, pasta amemaliza. Ukaitwa useme neno. Ukasimama na ile sketi yako ya bluu, ukasema, "Walioniandikisha waliniuliza kwa nini nataka kuwa polisi. Nikawaambia ni kwa sababu ya mama yangu. Wakati wa njaa mama alimkamata mwizi wa mahindi ya msaada kwa kuangalia tu pindo za suruali yake. Nataka kuwa mpelelezi kama yeye." Vigelegele! Hata chifu, aliyekaa kiti cha mbele kama kawaida yake, akapiga makofi na kukubali kwa kichwa.

Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya chai. Niliangalia nyuma, pale kwenye pipa la maji. Mzee Kilonzo, yule msokota kamba, alikuwa ameketi juu ya jiwe na sahani yake. Aliiweka sahani chini hata nusu hajala, akanawa mikono, akaenda zake. Wewe hukumwona. Na hata ungemwona usingeelewa, kwa sababu katika hadithi yako yule mtu hana jina. Anaitwa mwizi, basi. Ni yeye, Mumbua. Mwizi wako ni Mzee Kilonzo, huyo huyo aliyekuletea kamba mpya ya katani ya kufungia sanduku, na hakuiba hata punje moja.

Nimeinuka tena. Nimerudi. Acha nikueleze.

Televisheni ya Mbithi unaikumbuka, ulikuwa na miaka kumi. Ndiyo iliyokuwa ya pekee hapa sokoni, ndogo, nyeusi na nyeupe, na ilitumia betri ya gari ambayo Mbithi aliichaji kwa injini ya kinu chake cha unga. Jumapili jioni watu walikuja na viti vyao kutoka nyumbani. Chifu peke yake hakubeba kiti. Chake kilikaa hapo hapo, mbele, chenye mto, na hata asipokuja hakuna aliyethubutu kukikalia.

Kipindi kilikuwa mchezo wa Inspekta Rajabu, mpelelezi wa Mombasa mwenye koti refu. Koti refu, na joto lile la Mombasa! Mimi niliyekaa huko nilikuwa nacheka peke yangu. Waigizaji walisema Kiswahili cha pwani, cha ndani kabisa, na Kiswahili cha wazee wetu hapa kilikuwa cha kununulia chumvi. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya yaya Mombasa kabla ya kuolewa. Basi Mbithi akanisimamisha kando ya televisheni, niseme kwa Kikamba kila kinachosemwa. Nilipata chai na mandazi mawili, na nilipata heshima, ambayo mjane haipati kwingine. Baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaniacha na ninyi wanne.

Na picha, ai, picha ile ilikuwa na wazimu. Eriali ilifungwa juu ya mlingoti mrefu nje, na mlingoti ukiachwa peke yake upepo unautikisa, picha inaruka, Inspekta anakuwa na vichwa vitatu. Ilibidi mtu aushike. Kilonzo alikuwa mrefu, na alikuwa mlinzi wa stoo ya serikali hapo jirani, hatua chache tu, ingawa ukisimama kwenye mlingoti mlango wake huuoni. Kila Jumapili tulimwita, "Kilonzo! Njoo utushikie!" Naye anakuja, anaukumbatia mlingoti mpaka kipindi kiishe. Picha haioni. Anasikia sauti tu kupitia dirishani.

Nataka ujue tulichokuwa tunafundishwa pale, kwa sababu wewe ulikuwa mbele kabisa, umekaa chini mdomo wazi, na naogopa bado kiko ndani yako. Inspekta akiingia nyumba ya tajiri, anavua kofia. Akiingia chumba cha mtumishi, anapiga mlango teke. Tajiri anaulizwa, "Samahani mzee, jana ulikuwa wapi?" Mpishi haulizwi. Mpishi anapigwa kofi, analia, halafu anasema yote. Na kila mara kofi lile lilikuwa sawa, kwa sababu mpishi alikuwa ameiba kweli, ndivyo walivyoandika. Wanawake walikuwa wa kulia na kumimina chai. Mwisho Inspekta anasimama chini ya bendera, anasema serikali hailali, muziki unapigwa, na sisi wenye njaa tunaenda nyumbani tukiona dunia iko sawa. Hata mimi niliona iko sawa. Sitaki kukudanganya tena, nilimpenda mno yule mtu wa koti.

Jumapili moja mchezo ukageuka. Dawa za hospitali zimeibwa, mpishi wa hospitali ameshapigwa kofi lake, kumbe mwizi ni mheshimiwa diwani, yule yule aliyekuwa akilia kwenye mazishi ya wagonjwa. Sijui walioandika waliwaza nini siku hiyo. Baadaye kipindi chenyewe kiliondolewa bila maelezo, tukawekewa kwaya. Lakini jioni ile Inspekta akamvisha diwani pingu, na mimi niko hapo, nimefungua mdomo nitafsiri, na macho yangu yakaangukia kiti cha mbele. Chifu alikuwa amelaza fimbo yake magotini, na alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa anatazama picha. Wiki ile ndiyo orodha ya chakula cha msaada ilikuwa ikiandikwa, na mwandishi wake alikuwa yeye.

Nikasema kwa Kikamba, "Inspekta anamwambia diwani, asante kwa kutusaidia kumpata mpishi."

Mzee mmoja akauliza, "Na hizo pingu?"

"Anamwonyesha tu diwani jinsi zinavyofanya kazi," nikasema.

Wakacheka, wakaridhika. Hakuna aliyeshangaa, maana tulikuwa tumeshazoea mwizi awe na viatu vilivyochakaa. Hapo hapo picha ikaruka, watu wakapiga kelele, "Kilonzo, shika vizuri!" Keshoye jina letu likaingia kwenye orodha, la tatu kutoka juu.

Ilikuwa ile njaa tuliyoiita Nikw'a Ngwete, nakufa nimeshika, kwa sababu mtu alikuwa na pesa mkononi na duka halina kitu cha kumuuzia. Nywele za mdogo wako Kyalo ziligeuka rangi. Ulikuwa unarudi shule unakaa tu chini, hata kucheza huchezi, na mtoto asiyecheza anamtisha mama kuliko anayelia. Mahindi ya msaada yalikuwa ya manjano, kutoka ng'ambo. Mlisema yananuka dawa, na mlikuwa mnalamba sufuria.

Magunia yalifika siku ya Ijumaa, stoo ikajaa, ugawaji uwe Jumatatu. Jumapili jioni tukamwita Kilonzo kama kawaida. Mumbua, picha ya jioni ile ilikuwa safi ajabu. Haikuruka hata mara moja, mpaka Mbithi akasema yule mtu apelekewe chai. Na kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nilikiona. Nilitafsiri neno kwa neno, sikugeuza kitu, na nilijisikia mwepesi, nikashangaa kwa nini.

Jumatatu alfajiri nilikuwa wa kwanza kwenda mtoni kuchimba maji kwenye mchanga. Nyuma ya stoo nikaona alama za magurudumu, na kati ya alama punje za manjano. Punje, punje, punje, mpaka mlango wa nyuma wa duka la ndugu yake chifu. Gunia mojawapo lilikuwa limetoboka. Sasa sikiliza alichofanya mpelelezi wako. Nilipiga magoti nikaziokota. Moja moja. Nikazitia kwenye leso, nikafuata njia yote mpaka pale mlangoni, nikakwangua hata zile zilizozama kwenye vumbi. Nikarudi nyumbani nikazichemsha. Ulikula wewe, akala Kyalo, wakala wengine, mkashiba. Ushahidi wote wa kesi ile uliingia matumboni mwenu. Hilo silijutii, ningeokota tena hata leo. Najutia kilichofuata.

Saa nne chifu akaita baraza mbele ya stoo. Nusu ya magunia hayakuwepo. Kufuli ilikuwa nzima, haina mkwaruzo, na funguo zilikuwa mbili, mmoja kwa Kilonzo na mmoja kwa chifu. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Chifu akauliza mlinzi alikuwa wapi.

"Nilikuwa nimeshika mlingoti wenu," Kilonzo akasema. "Si ninyi wote mnajua?"

Soko zima lilikuwa limeitazama ile picha safi, na soko zima likatazama chini. Maana tukikubali kwamba alikuwa kwenye mlingoti, tunakubali kwamba sisi ndio tuliomtoa mlangoni. Hapo chifu akacheka, akanigeukia. "Lakini si tuko na mpelelezi wetu hapa? Mama Mumbua, wewe unamjua Inspekta kama ndugu yako. Hebu tusaidie."

Watu wakafurahi, wakanisukuma mbele. Karatasi ya majina chifu alikuwa ameishika, ameikunja mara mbili, anajipigapiga nayo kwenye paja. Nikaenda. Nilitembea kama Inspekta, mikono nyuma, Mungu anisamehe, nikamzunguka Kilonzo mara moja nzima. Kisha nikainama nikakunjua pindo za suruali yake. Punje tano au sita za manjano zikaanguka. Mtu anayefagia stoo ya mahindi! Angekosaje punje? Mimi mwenyewe saa ile nilikuwa nazo kwenye mshono wa leso kiunoni. Lakini watu waliguna vile vile walivyokuwa wakiguna kwa Mbithi.

Kilonzo hakupiga kelele. Akasema, "Leteni kithitu." Unakijua, kile kiapo chetu ambacho anayeapa uongo huangamia, yeye na nyumba yake. "Nitaapa mimi kwanza, na chifu aape baada yangu."

Uso wa chifu ulibadilika, nilikuwa karibu nikauona. Wazee wakaanza kunong'ona, wengine wakakubali kwa kichwa, maana kwa kithitu hakuna mchezo. Ningenyamaza tu wakati huo, kiapo kingeletwa na ukweli ungejitokeza wenyewe. Nisingehitaji hata kuwa jasiri. Lakini nilikuwa nimeshalewa sifa. Nikasema kwa sauti, "Mambo ya kithitu ni ya zamani. Inspekta hutumia akili." Wakapiga makofi. Askari wa chifu akamzaba Kilonzo kofi, wakapiga makofi tena. Wewe ulikuwa umepanda kwenye ukuta wa stoo, nawe ulipiga. Nilikuona.

Alifungwa mwaka mmoja na nusu. Mke wake alirudi kwao Kyuso na hakuja tena. Kilonzo alipotoka jela hakuja hapa, alikaa Makindu, akila kwenye lile hekalu la Kalasinga ambako msafiri hulishwa bila kuulizwa ametoka wapi, na huko ndiko alikojifunza kusokota katani. Aliporudi alikuta paa lake limeanguka. Na sisi tulikuwa bado tunasimulia.

Mimi kwa kinywa changu sikuwahi kuisimulia hadithi ile, kumbuka vizuri utaona. Lakini sikuikanusha. Ukiwa darasa la saba uliniuliza, "Mama, ulijuaje ni yeye?" Nikakujibu, "Kwa kuangalia." Ningekwambia pale pale, tulikuwa wawili tu tunachambua ndengu. Ukaenda ukaiandikia insha, mwalimu akakusifu, ukaibandika ukutani. Iko hapa juu ya kichwa changu sasa hivi na sitaki kuitazama.

Halafu ukaomba kazi hii, na kazi hii haiombwi bila barua ya chifu ya tabia njema. Nikajiambia, acha kwanza aandike. Akaandika. Nikajiambia, acha kwanza aitwe. Umeitwa. Juzi nikajikuta najiambia, acha kwanza amalize mafunzo, na hapo nikaogopa kweli, nikajua kwamba siku yenyewe haiko.

Leo baada ya kanisa nilikwambia naenda kuazima chumvi. Chumvi tunayo. Mpelelezi mzuri angechungulia kopo. Nilikwenda kwa Kilonzo.

Alikuwa nje anasokota katani kwenye paja. "Mzee Kilonzo," nikasema, "nimekuja."

"Naona umekuja. Keti."

Sikuketi. Nilimwaga yote hapo nikiwa nimesimama, alama za magurudumu, punje, leso, mlango wa nyuma wa lile duka, funguo mbili. Nililia, sikujificha. Yeye mikono haikuacha kusokota. Nilipomaliza akasema, "Yule mpishi naye alisingiziwa."

"Mpishi gani?"

"Wa hospitali. Mwizi wa dawa alikuwa diwani."

"Ulijuaje?"

"Mama Mumbua, mimi nilifanya kazi ya reli Mombasa miaka minane, wewe bado hujaolewa. Kiswahili cha Inspekta nakijua kama wewe. Nilikuwa nasikia kila kitu pale dirishani. Uliposema diwani anaonyeshwa jinsi pingu zinavyofanya kazi, nilicheka mpaka picha ikaruka. Mkanigombeza."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Ningesema, watu wangejua umegeuza kwa kumwogopa chifu, na mtu kama huyo hapendi ijulikane kwamba ana cha kuficha. Angelikata jina lako. Na wewe ulikuwa na watoto wanne."

Nilikaa chini hapo kwenye vumbi na nguo yangu ya kanisani. Mumbua, yule mtu alikuwa ananilinda. Wiki na wiki alikuwa amenishikia picha na kunifichia siri, na mimi ndiye niliyeinama mbele ya watu nikamkunjua suruali. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo maishani mwangu, na bado ninayo kifuani ninapoandika.

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Ile ya diwani watu hawajui ilivyoisha," akasema. "Kesho ni soko. Waambie. Lakini uwaambie kwa Kikamba. Ya kwangu uiweke hapo hapo nyuma yake."

"Na huyu binti yangu? Na aliyoyasema jana?"

"Mtoto hana kesi." Akakata uzi kwa meno. "Kamba imetosha sanduku?"

"Imetosha."

"Basi."

Kesho saa nne nitasimama mbele ya stoo. Wewe utakuwa umeshapita Kanyangi. Chifu atakuwepo, siku ya soko hakosi, na lile duka la ndugu yake liko hapo mkabala. Naogopa, Mumbua. Anaweza kuandika barua nyingine kwenda kwa wakubwa wako. Anaweza kusema mama yako ni mchochezi, na unajua neno hilo siku hizi linampeleka mtu wapi. Unaweza kurudishwa hata kitanda chao hujakizoea, uje unitazame kwa macho ambayo sijui nitayaweka wapi. Tangu jioni nimekuwa nikitembea humu ndani nikiliwaza hilo, ndiyo maana hata kuku wamenichoka.

Nilikuwa nimeandika hapa chini kwamba uamue wewe. Kwamba kama hutaki niseme, uifungue kamba ya Kilonzo uniachie hapo steji, nami nitaelewa. Nimeyakata maneno hayo, unaona wino ulivyovuruga karatasi. Ni tabia yangu ile ile, namtafuta mtu mwingine abebe. Huna cha kuamua. Nitasema, upande basi au usipande, ukasirike au usikasirike. Na ukikasirika una haki, kasirika vizuri, lakini panda basi.

Kazi yako siijui. Najua tu mambo niliyoyaharibu mwenyewe. Siku moja utasimama mahali, watu wote wamekukodolea macho wanasubiri utaje jina. Kabla hujafungua mdomo angalia viti, uone kipi hakina mtu. Ukisikia makofi, tazama nani amepigwa. Mtu akiomba kuapa, kwa kitabu au kwa kithitu, usimcheke. Na ukikuta punje njiani na una njaa, okota ule, mimi sitakulaumu, lakini ukishiba useme ulikoziokota. Mimi nilishiba nikanyamaza.

Ile insha nimeibandua ukutani sasa hivi. Ndani yake kuna neno mwizi mara nyingi, nimelisoma moja moja. Wakikuuliza tena huko kwa nini unataka kuwa polisi, usinitaje mimi. Ukifika, sanduku ulifungue polepole, kamba usiikate kwa kisu, utaihitaji siku ya kurudi. Aliyeisokota anaitwa Kilonzo Muli. Jumapili ile jioni, mahindi yalipoibwa, alikuwa ameshika mlingoti, na picha haikuruka hata mara moja. Mimi niliiona.

Mama yako.